Pampu ya Manowari ya Sita

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mzee Fortunat ni kwamba aliipa pole pampu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikaajiriwa katika ghala la vipuri huko Woolwich, na pampu ndiyo kwanza ilikuwa imeshushwa kwenye lori. "Pole na safari, mama," aliiambia, akiipangusa vumbi.

Fortunat, mzaliwa wa Bukavu, ndiye mtunza stoo wetu. Ghala linahudumia manowari sita zilizojengwa kwa ramani moja. Kiwanda kilichotengeneza pampu zao kilifungwa zamani, na pampu nzima zimebaki tano. Manowari moja ikiingia kupakwa rangi, pampu yake hung'olewa na kupewa mwenzake. Ile ya sita imekaa chelezoni, bwawa la kutengenezea meli lililokaushwa maji, miaka minane. Mara nne Fortunat ameipelekea pampu, na mara nne simu imepigwa njiani: geuzeni lori, kuna chombo chenye haraka zaidi.

"Mzee, hiyo pampu imetembea kukushinda," alimtania Nyambura, mpakiaji wetu kutoka Nakuru.

Fortunat hakucheka. Alikuwa na kibali cha kupanda manowari hiyo ya sita pamoja na mkewe siku itakapotoka. Kibali ni cha wafanyakazi tu, naye anastaafu Ijumaa hii. Katika miaka yote hiyo hajakanyaga manowari hata moja, na nyumbani Thornton Heath mkewe, Emérence, alikuwa amechoka kuamini.

"Papa Miradie," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "sema kweli tu. Iko wapi hiyo meli? Unalisha mtu hujamuona hata sura!"

Jumatatu, amri ya tano ya kuipeleka pampu ilipofika, Fortunat alitangaza kwamba safari hii pampu haitakwenda peke yake. Kwao, alisema, bibi arusi hapelekwi kama gunia. Husindikizwa hadi mlangoni, na hakuna anayethubutu kumgeuza njiani mbele ya mashangazi.

Jumanne asubuhi mimi nilikuwa kwenye lori na dereva. Nyuma yetu, katika basi dogo, walikuwamo Fortunat, Emérence na akina mama tisa wa kwaya ya kanisa lao, wote kitenge kimoja, wakiimba. Simu ililia njiani, karibu na mji wa Guildford. Dereva akaipokea, akatazama kioo cha pembeni.

"Siwezi kugeuza. Kuna ndugu zake."

"Ndugu za nani?"

"Za pampu."

Kwenye geti la cheleza, mlinzi aliuliza uhusiano wetu na mzigo. Emérence akawahi kujibu: "Mimi ni shangazi yake." Mlinzi akaandika.

Mafundi walimaliza kuifunga pampu jana jioni. Leo ni Alhamisi, na tangu saa mbili maji yanafunguliwa kuingia chelezoni. Fortunat amesimama ukingoni na suti yake, kibali mkononi. Emérence amemshika mkono, akiitazama ile meli. Manowari ikielea tu, ngazi itashushwa. Imetikisika mara moja. Bado inchi nne za maji.