Vidole Viwili vya Akiba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Nilipewa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, nikaonyeshwa rundo la suruali za kazi lililonizidi kimo, nikaambiwa nisimame hapo mpaka kengele ilie. Kiwanda kilikuwa Jeppestown, ghorofa ya pili, na vioo vya madirisha vilipakwa rangi ili tusipoteze muda kuangalia nje. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nitoke Uvira, na nilikuwa nimedanganya kwamba najua kushona. Nasema haya kwa sababu nyinyi mabinti mnaojifunza ushonaji kwenye simu mnadhani sisi tulizaliwa na sindano mkononi. Wapi!

Mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani, nami nitaandika. Lakini ipo nguo moja niliyoishona vibaya kwa makusudi, na mwenye nguo alikuwa rafiki yangu kuliko watu wote wa mji huu wa Joburg. Kila nikitaka kueleza kazi, nguo hiyo inatangulia. Mtanivumilia.

Pale kiwandani aliyetutawala aliitwa Supavaiza, mama mnene wa Kizulu mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Baada ya mwezi alinihamishia kwenye ovaloki, ile mashine inayofunga ukingo wa kitambaa usifumuke nyuzi. Siku moja akanikuta napima pindo mara ya pili.

"Wewe Mkongo, mkono wako unafikiri sana," akasema. "Hapa hatufikirii. Hapa tunapeleka mbele."

Hapo ndipo nilipojifunza kukata kavu. Kukata kavu ni kukata kitambaa karibu kabisa na mstari wa mshono, ukiacha ndani kiasi cha sindano kuuma tu. Nguo inatoka safi, inakaa mwilini vizuri, lakini mtu akinenepa kidogo hakuna cha kufungua. Kiwanda hakina shida na hilo, kwa sababu ukinenepa utanunua nyingine.

Ghorofa yetu ilipofungwa nilipata kazi Marshalltown, kwenye duka la kushona sare za walinzi na wasafishaji wa maofisi. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, mzee wa Lubumbashi, chaki nyuma ya sikio tangu asubuhi. Wiki ya kwanza alichukua koti nililokata, akaligeuza ndani nje mbele ya watu wote.

"Nani amekufundisha uchoyo huu?"

"Kiwandani, Papa."

"Kiwandani wanavalisha namba. Sisi tunavalisha watu. Mtu ananenepa, anabeba mimba, anavimba miguu, anazeeka. Ubavuni mwachie vidole viwili, huku viwili na huku viwili. Hiyo ndiyo akiba. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

Mwanamke aliyekaa cherehani ya pembeni yangu aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Huyo ndiye Mwamini. Tulimwita Mama Esther kwa jina la binti yake, na mimi aliniita Mama Zawadi kwa jina la wangu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mtu wa Fizi, na alikuwa na tabia moja: nguo yoyote akiishika, hata ya mtu aliyesimama naye kwenye robot, taa za barabarani, lazima ageuze pindo aone ndani.

"Nje kila mtu anajua kudanganya," alikuwa akisema. "Nionyeshe ndani."

Fundi Mkuu alipoacha kazi kwa ugonjwa, sisi wawili tukahamia Yeoville. Tulipanga kona moja ndani ya saluni, meza moja ya kukatia, cherehani mbili, pasi moja tuliyogombania kila asubuhi. Tulikaa pale miaka kumi na moja. Alinishikia Zawadi alipougua surua, mimi nilimpokea Esther shuleni kila siku, mtoto aliyesikia Kiswahili chetu chote na kutujibu kwa Kizulu. Aliyekuwa na simanzi alishona mishono mirefu, mwenzake akaifumua bila kusema neno na kuishona upya. Sijawahi kuzoeana na mtu hivyo, hata mume wangu, Mungu amhifadhi huko alikopotelea.

Sasa nieleze kuhusu dosye. Dosye ni faili la mtu anayeomba kuhamishiwa Amerika akaanze maisha huko. Familia zetu nyingi zilikuwa nalo, na zikawa zinaondoka moja moja, leo benchi hili la kanisa liko wazi, kesho lile. Na watu wetu wana desturi ya kuificha dosye hata kwa ndugu. Wanaamini ikisemwa italala, kwamba kuna midomo na macho yanayoweza kuirudisha nyuma. Mimi sikuificha yangu. Kila barua nilimsomea Mwamini pale mezani, mpaka ilipokuja ile ya kusema hapana. Siku hiyo alifunika cherehani zetu mapema akanisindikiza nyumbani.

Yeye naye akaanza kwenda mjini mara kwa mara. "Naenda Marshalltown, zipu zimekwisha," anasema, na kweli anarudi na zipu. Droo ikajaa zipu hadi ikakataa kufunga. Nikamtania kwamba anataka kuivalisha Joburg nzima sketi.

Basi siku moja mteja akaingia na kitenge cha kijani chenye ndege wadogo wa njano, akasema nimshonee haraka.

"Kina mama wa kikundi cha kanisa wote wamechukua hiki," akasema. "Si cha kumuagia Mama Esther, anaondoka mwisho wa mwezi? Wewe hukuchukua?"

Nilimpima mteja yule kifua, kiuno na nyonga, nikaandika. Alipotoka nikamgeukia Mwamini.

"Unaenda Amerika?"

Hakuinua kichwa. "Ilikuwa nikuambie wiki hii."

"Miaka minne unaniletea zipu, Mwamini! Mteja ndiye ananiambia, kwenye meza yangu!"

"Baba Esther alinikataza. Unajua vile dosye za watu zinalala. Mtu anasikia, anaongea, unabaki na watoto hapa hapa."

"Mimi ndiye huyo mtu?"

Akazima cherehani. "Yako uliisema kwa kila mtu," akajibu polepole, "na ikafa."

Eish. Ningepigwa kofi ningesikia nafuu. Najua sasa kwamba aliongea kwa woga, alikuwa na watoto watatu na woga wa miaka minne tumboni. Siku ile sikutaka kujua.

Kwetu, mwanamke anayeondoka hajishonei nguo ya kuagwa. Anashonewa na aliye karibu naye zaidi. Watu wote walitazama kwangu, nikakubali, maana kukataa kungekuwa aibu kwangu na kwake. Nikatandaza kitambaa, nikachora, nikachukua mkasi. Mkono wangu ulifika kwenye ubavu, pale pa kuacha vidole viwili, nikamsikia anasema "ikafa." Nikakata kavu. Huku kavu, huku kavu. Kwenye kilemba nilimwachia kitambaa cha kutosha na kuzidi, kwa kuwa kilemba kinaonekana na watu. Wivu wangu niliuweka ndani, pasipoonekana.

Jumapili ya kuagana alipendeza mpaka kina mama wakapiga vigelegele. Aligeuka mbele ya kioo cha kanisa mara mbili. Nilikuwa naitazama mikono yake, kama ataligeuza pindo. Hakuligeuza. Tulipokumbatiana vidole vyangu viligusa mshono wa ubavuni, mwembamba kabisa, nikaondoa mkono haraka.

Waliwekwa Nebraska, kwenye uwanda mtupu wa mahindi na upepo. Mwamini, fundi wa mikono ile, akapewa kazi ya kukata nyama kiwandani, amevaa koti zito ndani ya baridi mchana kutwa.

"Hapa hakuna anayeshona, ma chère," aliniambia kwenye simu. "Nguo ikichanika wanatupa. Nimenunua cherehani, naongea nayo peke yangu."

Mimi nilimweleza habari za saluni, nani amezaa, nani ameondoka. Hatukuutaja tena ugomvi. Nami kila simu nilijiambia, leo nitamwambia nilichomkatia. Msisahau hilo mnaposoma: nilikuwa na miaka tisa ya simu za kulisema.

Kisha figo zikamharibikia. Uso ulivimba kwenye kioo cha simu hadi nikatafuta macho yake.

"Kile kitenge chako kimenibana," akasema siku moja. "Nataka kukivaa Esther akimaliza chuo."

Huo ndio ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi. Nilifungua mdomo.

"Sikusikii vizuri," nikamwambia. "Network mbaya."

Nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Akasema, "Sawa, Mama Zawadi. Nitakitengeneza mwenyewe." Miezi miwili baadaye Baba Esther akanipigia, na kabla hajamaliza salamu nilishajua.

Kazi niliiacha mwaka uliofuata. Watu wanasema ni macho, na ni kweli daktari ameona mtoto wa jicho, lakini nilikuwa nimeshachoka kukaa kwenye meza ya watu wawili. Cherehani zote mbili nilimwachia binti mmoja wa Bujumbura, pamoja na droo ya zipu, ambazo hazijaisha hadi leo. Mnaniuliza kazi hii imenipa nini. Imenipa chakula, imemsomesha Zawadi, imenipa mgongo mbovu. Kuna vizazi vya walinzi wa mji huu wamesimama getini na makoti yangu. Hayo yote siyakumbuki sana. Nakumbuka ubavu mmoja wa kitenge.

Mwezi uliopita Esther alikuja, mwanamke mzima, amevaa viatu vya theluji katikati ya joto la Yeoville. Akanipa mfuko.

"Tantine, Mama alisema hii ni ya wewe," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Si ya kuweka. Ya kuvaa."

Kilikuwa kile kitenge cha ndege wa njano. Nikakaa.

"Aliivaa ulipomaliza chuo?"

"Ndiyo. Aliitengeneza yeye, siku nyingi, mikono ilikuwa inauma."

"Alisema kitu? Kuhusu mshono?"

Esther akafikiri. "Siku ile ya kanisa, hapa Joburg, tulirudi nyumbani, aliigeuza. Aliangalia hapa, na hapa." Akagusa mbavu zake mwenyewe. "Akasema, 'Mama Zawadi amenikasirikia sana.' Halafu akaikunja vizuri, akaiweka juu kabisa kwenye sanduku. Baba alisema iache, sanduku ni zito. Mama alikataa."

Alijua. Alijua kabla ya kupanda ndege, na miaka tisa alinipigia simu, na alisikia kabisa kwamba network ilikuwa nzuri. Nililia mbele ya mtoto wa watu bila haya.

Nilipopata nguvu nikaigeuza ndani nje, kama alivyokuwa akifanya yeye. Alikuwa amekata kile kilemba na kukiunga ubavuni, kipande huku na kipande huku, ndege wa kilemba wamesimama sawa na ndege wa gauni. Mishono ilikuwa mirefu, ile ya simanzi. Na ndani ya kila kipande alikuwa ameacha akiba. Niliweka vidole vyangu. Viwili huku. Viwili huku.

"Alisema utafungua mwenyewe," Esther akasema. "Alisema makalio ya Mama Zawadi hayaingii hapa bila akiba."

Ni kweli, hayaingii. Nikiifungua itanitosha, na macho haya bado yanaweza kazi ndogo kama hiyo. Kila Jumamosi naichukua, nakaa nayo dirishani penye mwanga, nashika wembe. Ile mishono mirefu ilikuwa kazi yangu kuifumua bila kusema neno na kuishona upya, na hii ndiyo ya mwisho ya mkono wake. Naweka vidole viwili pale, navitazama, halafu naurudisha wembe mezani.