Mchanga Uliobebwa kwa Vichwa

Mama alikaa kwangu Bilele, mjini Bukoba, tangu ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Izigo ulipoangushwa na mvua. Hakulalamika. Kila asubuhi aliniuliza jambo moja tu, atarudi lini. Alikuwa anakonda, nami nilijua anaogopa kufia katika nyumba ya kupanga.

Nimezunguka miji mingi, na karibu kila nilipokaa nimekarabati chumba cha mtu. Dodoma nilinunua hata maji ya kuchanganyia saruji. Mwanza, kwenye nyumba ya kilimani, waliopandisha matofali walilipwa zaidi kuliko fundi. Ungedhani ningejifunza. Lakini kwa nyumba ya mama nilimchukua fundi aliyekuwa amejenga ukuta kama ule pale Bilele, nikaichukua gharama ya Bilele, kisha nikaipunguza, kwa sababu kijijini vibarua ni nafuu na mawe yapo. Nikaona fedha zinatosha vyumba viwili.

Lori la mchanga liliishia barabarani. Kutoka hapo hadi nyumbani ni kibanja chetu tu, shamba la migomba na mibuni, na njia ya kupita mtu mmoja. Fundi alitazama, akasema tukifyeka mstari mmoja wa migomba lori litafika mlangoni.

Nikampigia mama simu.

"Mstari upi?" akauliza.

"Ule wa karibu na kaburi la baba."

"Waitu mwanangu, baba yako alikuachia kibanja, hakukuachia barabara. Ukiifyeka migomba yake, mimi sirudi hapo."

Nilimweleza fundi. Naye ni mtu wa huku huku, hakubishana. Mchanga ukamwagwa kando ya barabara, nikatafuta wanawake wa jirani waubebe kwa ndoo. Baada ya mchanga yakafuata matofali, halafu saruji, kila mfuko umefunikwa nailoni kwa sababu mvua haikutupumzisha.

"Wewe mwenye mji," mmoja wao aliniambia akijitwika ndoo, "miaka yote hiyo ya kutembea, hukuokota hata kabarabara kamoja ukatuletea?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, mdomo tu.

Fedha za chumba cha pili ziliishia kwenye kubeba. Ukuta ulisimama, chumba kimoja kikapigwa plasta na kuezekwa bati jipya. Cha pili kilibaki wazi.

"Ingekuwa Bilele," fundi alisema akikusanya vifaa vyake, "saa hizi tunapaka rangi."

Nilimleta mama alasiri moja. Alipita njiani polepole, akishika mgomba huu, halafu ule. Alipofika alikagua chumba chake, akagonga ukuta kwa kiganja, kisha akachungulia kile kisicho na bati.

"Hiki kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Basi hakuna kilichoharibika. Wewe hulali mahali pamoja."

Nilisubiri nione furaha moyoni mwangu, au hata aibu. Sikuona kitu. Nilitandika kitanda, nikaingiza mizigo yake, nikafungua dirisha.

Mama alivua viatu, akajinyoosha.

"Nenda, gari la Bukoba lisikuache," akasema.

"Nitakaa kidogo."

Alikuwa ameshapitiwa na usingizi.