Sharubati ya Mdachi

Niliiba kibuyu kizima cha dawa ya nzige nikaipaka mizinga ya mama yangu. Bora niliseme mwenyewe kabla hamjaniuliza.

Dawa yenyewe aliileta Bwana Shamba, Mdachi mmoja mwenye shingo nyekundu, aliyeona tunutu, nzige wachanga wasioota mabawa, wanatambaa kwenye uwele wetu akadhani sisi hatujawaona. Alitutoa wanafunzi darasani, akatukorogesha unga mweupe na sukari guru ndani ya pipa, tukanyunyizia majani ya bonde zima kwa fagio. "Msirambe," alisema. Maelezo yakaishia hapo. Tunutu wakapita juu ya dawa kama wageni wa heshima, wakala uwele hadi mabua. Mimi nikaibatiza sharubati ya Mdachi, na shule nzima ikaiita hivyo.

Sasa, mama ni mjane, na mizinga aliyoiacha marehemu baba inaning'inia kwenye migunga ya bondeni. Asali ya mwaka huu ilikuwa ya pombe ya harusi ya dada. Wakwe walikwisha ahidiwa, na kwetu Ugogo harusi iliyokosa pombe ya asali husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mizinga miwili ilikuwa mitupu, mama akanituma niipake nta kwa ndani ili harufu ivute nyuki. Kuyeyusha nta ni moto na jasho. Sharubati ilikuwa pale pipani, tena tamu. Na dawa iliyoshindwa na tunutu ingemfanya nini nyuki?

Nyuki wakaja. Haukupita muda wakawa wametapakaa chini ya mgunga, wengine wamelala chali wakizunguka kama walevi. Hao najua ni wangu. Lakini mizinga ambayo sikuigusa nayo ikanyamaza, hata ya jirani yetu ng'ambo ya korongo. Hiyo nayo aliipaka nani?

Bwana Shamba alipokuja shuleni kujisifia dawa yake, nikamuuliza kama ndiyo iliyoua nyuki.

"Dawa huua kinachotafuna majani," akasema. "Nyuki hatafuni."

"Nyuki ananyonya, Bwana. Dawa imeambiwa hilo?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikalazwa chini nikala kiboko, naye akatangaza kwamba nyuki wameuawa na moshi wa washenzi wanaorina ovyo. Anayesema hivyo hapiti karibu na mzinga bila kujifunika chandarua mpaka kiunoni.

Nyumbani nilisimulia yote, nikiiga ile shingo, habari ya kibuyu nikaiweka mwisho. Dada alicheka kidogo, kisha akaacha. Mama alikuwa anatupa masega shimoni asije mtu akayala. Akafukia kwanza, akakung'uta mikono.

"Mzungu hajui nyuki," akasema. "Wewe umelelewa kwa asali yao. Kesho utakwenda kwa wakwe wa dada yako, uwaambie kwa kinywa chako kwamba pombe hakuna. Na ukifika huko usimchekeshe mtu."