Nilikata Mshono wa Kisabo ili Nifaulu Sanaa

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina silitaji, kwa sababu bibi yangu bado yu hai na majirani zetu wa Didia nao wanasoma.

Nililelewa na bibi mzaa baba. Baba yuko machimboni Bulyanhulu, tunamwona sikukuu. Nilipokuwa kidato cha nne nilisoma Sanaa, na kuchora hakukunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni karatasi ya historia na uthamini wa sanaa. Mwalimu alisema kuna swali halikosekani: eleza kifaa cha sanaa cha nyumbani kwenu, malighafi yake, matumizi yake, na nani alikitengeneza. Akatuagiza tuje navyo darasani tujizoeze.

Nikachukua kisabo cha bibi, kile kibuyu cha kusukia maziwa. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kina ufa mrefu ulioshonwa kwa kano za ng'ombe. Mshono wenyewe ulilala upande, mbaya! Bibi alikuwa Chato kwa shangazi. Sikumwomba ruhusa.

Kwenye daftari nilikuwa nimekariri kwamba kazi bora ya sanaa huwa na umaliziaji safi. Basi nikaamua kukipa umaliziaji. Jamani! Nilikata zile nyuzi kwa wembe, moja moja. Nikaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, nikakwangua masizi kwa msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Kikang'aa, nami nikajiona fundi.

Darasani mwalimu akauliza, "Nani alikitengeneza?"

"Hajulikani, mwalimu."

Akasema jibu hilo linakubalika. Nikalikariri hivyo hivyo.

Bibi aliporudi nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kisabo. Akakishika, akapitisha kidole pale palipokuwa na ufa.

"Nyuzi ziko wapi, ng'wana wane, mwanangu?"

"Nimezitoa, bibi. Zilikuwa zimeshonwa vibaya."

"Umeziweka wapi?"

"Nilizichoma na takataka."

Akakaa chini. Hakunigombeza. Afadhali angenitandika!

"Alishona mama yako," akasema. "Wiki ya kwanza alipoolewa hapa alikiangusha. Aliogopa gete, kweli kweli! Akashinda nacho kutwa nzima anashona huku analia. Mashoto yule, ndiyo maana mshono ulilala upande. Nikamcheka, nikamwambia, basi mkamwana, sasa ni chako."

Mama alifariki kabla sijaanza kutembea. Nyumbani hakuna picha yake hata moja. Nguo zake ndugu waligawana baada ya msiba. Na mimi pia ni mashoto. Ule mshono nimeupapasa tangu utotoni nikimsaidia bibi kusuka maziwa, na sikuwahi kuuliza ni wa nani. Sikuuliza!

Mtadhani nililia. Sikulia. Nilienda kuchota maji, nikala ugali, nikafungua daftari nikaendelea kusoma. Mpaka leo sijalia. Nimekufa ganzi tu, hata nikiandika haya.

Mtihani ukaja, na swali likatoka vilevile alivyosema mwalimu. Nilipofika kwenye mtengenezaji nilisimamisha kalamu. Jina la mama nilikuwa nalijua. Halafu mkono ukaandika nilichokariri: hajulikani. Loo, mimi mtu wa namna gani!

Sanaa ndilo somo nililofaulu kuliko yote. Bibi aliposikia alinipongeza, akanichinjia kuku. Nilishindwa kumwambia nilijibu nini.

Wewe unayejiandaa na karatasi hiyo, nakusihi: usiguse kitu cha nyumbani kwenu kabla hujamuuliza mwenye nacho, hata kama daftari lako linajua kila kitu. Weka wembe chini kwanza, uliza.

Siku hizi bibi anasukia maziwa kwenye dumu la plastiki. Kisabo kiko juu ya kabati, kinang'aa, kizima kabisa. Ukitia maziwa humo yananuka vanishi.