Kubebesha Damu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mtoto wa jirani, ambayo kila nikiisimulia kifua hunijaa. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, nafanya kazi maabara huko mjini, na mama yangu amekuja kutoka kijijini kwetu Pande kumpokea mjukuu. Nikamwambia nimekubali damu ya kitovu cha mtoto ichukuliwe akizaliwa tu, watiwe panya wetu wa utafiti.

Mama akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah! Kitovu cha mjukuu wangu wapewe panya?"

Nami, ujana huo, nikamjibu kwa maneno makubwa makubwa ya darasani. Akaniacha nimalize. "Umesoma, alhamdulillahi. Sasa sema na mimi mamako." Bila radhi yake nisingeitoa damu ile, na isipochukuliwa saa ileile ya kuzaliwa ndiyo imepotea.

Nikaanza upya, polepole. Panya hao huzaliwa hawana kinga, ugonjwa mdogo tu unawamaliza. Damu ya kitovu ina mbegu za damu. Wakitiwa, mbegu hushika ndani ya mifupa yao, zikazaa damu ya binadamu pamoja na askari wake wa kupigana na maradhi. Hapo tunaona damu yetu inavyozaliwa na inavyojilinda, bila kumfanyia majaribio mtoto wa mtu.

Mama, aliyelea mikorosho maisha yake yote, akiunga kikonyo cha mkorosho mzuri juu ya shina la mwingine, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Kumbe mnabebesha! Shina la panya, kikonyo cha mtu. Si ungesema?"

Penye wazee haliharibiki neno. "Chukueni damu," akasema, "kitovu chenyewe nipe mimi." Kilipokatika akaenda nacho Pande, akakizika kwa mkono wake.

Huko watani wakamchokoza kwamba mjukuu wake ana ndugu panya. "Ndiyo," akajibu, kidevu juu, "ndugu wa kazi. Wako ana nani?" Wallahi nilijivuna kuliko siku niliyopewa shahada.

Basi wewe unayekwenda kusoma, usiionee haya kazi ambayo kwenu hawaijui, ieleze. Mwacha asili ni mtumwa. Na ukimwomba mtu kitu cha mwilini mwake, akupe akiwa ameelewa, si kwa kuuogopa usomi wako. Nenda na radhi zetu. Mola akupe elimu inayofika mpaka jikoni kwa mama yako, na yeye aitangaze kwa majirani. Amin.