Kusema mu Foni Bila Sertifika

Mto Mulongwe ulipovunja kingo zake na kupita katikati ya kartie yetu, mtaa wetu wa Uvira, ulichukua ukuta wa nyuma, kitanda cha mama yangu, na sanduku la bati nililokuwa nikiwekea karatasi zangu zote. Mama tulimtoa kupitia dirishani. Sanduku hatukuliona tena. Siku zile watu wa Uvira walikuwa wakitafuta ndugu zao kwenye matope mpaka ufukweni, kwa hiyo niliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba mimi ninatafuta karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa sertifika ya foni, yaani ruhusa ya kusema kwenye redio ya meli, au bato kama tunavyosema sisi. Niliipata Kalemie nikiwa msichana, mwanamke peke yangu darasani. Tangu hapo nilifanya kazi juu ya bato la mizigo na abiria lililokuwa likitoka bandari ya Kalundu kwenda kusini. Nilijua sauti za bandari zote za ziwa hili. Kulikuwa na watu wa Kigoma na wa Bujumbura ambao sikuwahi kuwaona kwa macho, lakini nikisikia mmoja wao anakohoa kwenye redio, nilimuuliza kama amekunywa dawa.

Mwenye bato alikuwa mwanamke mfanyabiashara, na tuliimba naye kwaya moja. Alikuja kutupa pole, akamletea mama blanketi, akakaa nasi kidogo. Alipokuwa anaaga, akanishika mkono.

"Dada yangu, bakaguzi bako ku Kalundu," akasema. "Banasema bato haiwezi kutoka kama muntu wa foni hana sertifika. Nenda utafute ingine. Nafasi yako iko, usiogope."

Kwa muda ule, akasema, mtoto wa kaka yake angekaa kwenye foni. Nilimuuliza kama huyo mpwa wake ana sertifika. Akasema wakaguzi wamekubali kumvumilia kidogo, maana ni mtu wa nyumbani. Nilipaswa kuelewa papo hapo. Lakini mtu aliyetoka kupoteza nyumba huwa anashika neno lolote jema analopewa.

Nilianzia polisi, maana bila deklarasyon, karatasi ya kuonyesha umepoteza kitu, hakuna ofisi au biro inayokusikiliza. Polisi alitaka kujua sertifika ilipotelea wapi.

"Mu maji," nikamwambia.

"Maji si adresi, mama. Sema ilipotelea wapi."

"Mu nyumba yangu."

"Nyumba iko wapi?"

"Nayo maji ilibeba."

Akaweka kalamu chini, akaniangalia kana kwamba namchezea. Mwishowe akaandika kwamba imepotea sokoni. Sikubisha. Nikaenda na uongo huo wenye muhuri mpaka kwenye biro ya usafiri wa majini, wakausoma, wakaridhika nao, kisha wakaniambia sertifika iliyotolewa Kalemie inatengenezwa Kalemie.

Ndivyo nilivyopanda bato langu kama abiria. Nilikaa juu ya mifuko ya simenti, pamoja na wamama waliokuwa wakipeleka maharagwe, na mlango wa chumba cha foni ulikuwa karibu nami. Yule mpwa wa mwenye bato alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mpole wa maneno. Alinisalimia kwa heshima. Ila foni aliishika kama simu ya mkononi.

Tulipokuwa tunapita rasi ya Ubwari, upepo ukaanza, na mawimbi yakawa yanapiga ubavuni. Hapo ndipo nikasikia sauti ya mwanaume kwenye redio, anaita msaada kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kirundi. Boti lao la mbao lilikuwa linaingiza maji, na watu walikuwa wengi ndani.

"Alo? Nani huyo?" mpwa akajibu. "Alo! Unatafuta nani?"

Akasahau kuachia kidude cha kusemea. Ukikibana, wewe ndiye unayesema na yule mwingine hasikiki. Alikuwa amemziba mdomo mtu anayezama, na hakujua.

Niliingia, nikamwondolea kifaa mkononi. Hakunikatalia, nadhani alishukuru. Nikamwambia yule mtu kwamba tumemsikia, aseme yuko wapi, anaona nini, ana watu wangapi. Sauti yake ilikuwa inapanda, nikamsemesha polepole mpaka ikashuka. Akasema anaona ncha ya Ubwari upande wa mkono wake wa kushoto. Kapiteni akageuza bato. Kila mara sauti ilipokatika niliita tena, na bandari ya Baraka ikanisikia, nayo ikaanza kuita maboti ya karibu.

Tuliwakuta wameshikilia madumu na mbao, boti lao limebaki pua tu. Tuliwapandisha mmoja mmoja. Mtoto mchanga alipandishwa akiwa amefungwa kwa kitenge juu ya kichwa cha mama yake. Yule mwanaume wa redio alikuwa wa mwisho. Alikaa sakafuni, akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akashika mguu wangu, akalia.

Tulipofika Kalemie, kapiteni aliandika ripoti kama sheria inavyotaka, akataja aliyesema kwenye foni. Alidhani ananisaidia. Mimi pia nilidhani hivyo. Niliingia biro asubuhi iliyofuata nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri, nikijua ripoti imetangulia.

Shefu, mkuu wa biro, alikuwa nayo mezani.

"Ni weye ulisema mu foni?"

"Ni minye, shefu."

"Sertifika yako iko wapi?"

"Ndiyo nimekuja kutafuta. Maji ilibeba."

"Basi ulisema bila sertifika. Iko kosa hiyo, mama."

Nilicheka, nikifikiri ni mzaha. Hakucheka. Nikamwambia: "Shefu, bantu balikuwa banazama."

"Balipona, tunashukuru Mungu. Lakini kosa iko kosa."

Akaandika onyo, akalitia kwenye dosie yangu mpya, jalada alilolifungua palepale. Dosie ya zamani haikuwepo: ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye chumba chao cha karatasi, na mwalimu aliyenifundisha alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba nilishawahi kusoma. Onyo pekee ndilo lililothibitisha kwamba nilishawahi kusema kwenye redio. Shefu akaniambia nifanye mtihani upya, pamoja na wanaoanza.

Nikafanya. Nilikaa kwenye benchi na vijana wanaolingana na watoto wa dada yangu, wakaniita mama, wakaniazima kalamu. Sehemu ya mdomo ilisimamiwa na shefu yule yule. Alikuwa anasoma maswali kwenye kitabu, bila kuinua macho.

"Kuna hatari ya kufa. Nani anaruhusiwa kutumia foni?"

Nikajibu kama kitabu chake kinavyosema, kama nilivyofundishwa nikiwa msichana: "Muntu yeyote, shefu. Hata asiye na sertifika."

"Ni sawa," akasema, akaweka alama, akageuza ukurasa.

Nilingoja. Nilidhani atasimama kidogo, atakohoa, atajikuna hata sikio. Akasoma swali lililofuata. Nilitaka kuinuka nimwombe anisomee tena jibu langu kwa sauti, lakini nilihitaji ile karatasi, nikajibu maswali yake mpaka mwisho. Nilifaulu. Onyo lilibaki kwenye dosie, na sertifika niliyopewa ilikuwa ya mwanafunzi anayeanza, yenye tarehe ya siku ile, kana kwamba nilizaliwa Kalemie asubuhi hiyo.

Nilirudi Uvira, nikaenda moja kwa moja kwa mwenye bato. Aliishika sertifika kwa ncha za vidole, akaisoma yote.

"Dada yangu, hapa banaandika unaanza tu," akasema. "Na tena nasikia una onyo. Bakaguzi batanisumbua. Mtoto wa kaka yangu ameshazoea, na sertifika yake ilishatoka."

"Ilitoka wapi? Alifanya mtihani gani?"

Akaanza kuniuliza habari za mama. Jumapili iliyofuata alinipungia mkono kanisani. Niliacha kwaya. Watu husema nina moyo mgumu, na padri ameniita mara mbili kuniongelesha juu ya kusamehe. Ninamsikiliza, ninarudi nyumbani.

Sasa ninafanya kazi nchi kavu, kwenye kibanda cha foni cha mfanyabiashara mwingine, naongoza maboti yake madogo. Mama anakaa nami nyuma ya kibanda, anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Redio ya ziwani ni ya wote, basi mchana yule mpwa huita akitoka Kalundu, na bado anasahau kuachia kidude. Upepo ukiwa mbaya namwambia asimame wapi, apite wapi, arudie alichosema. Ndani ya bato kuna watu. Lakini simsalimii, na akinisalimia yeye, nanyamaza mpaka aseme shida yake.