Faida Binti Chikumbu

Usiku ule wa kuamkia posa ya mjukuu wangu Zuhura nililala na hasira, hata leso sikuvua. Mwanangu Hamadi alikuwa ameniambia, "Mama, kesho wakwe wakiuliza nasaba, wewe ndiye unayejua majina. Taja wote. Ila ukifika kwa bibi yako Faida, ruka. Sema asili yetu Arabuni. Wale ni watu wakubwa."

Watu wakubwa! Nikalala nimeuma meno.

Nikajiona jikoni napepeta mchele. Nikainua uso, jiko halipo. Niko kortini, ungo mkononi, wala sishangai. Mbele amesimama marehemu Wakili Mgeni bin Sudi, aliyewatetea waliokuwa watumwa, zama ambazo ukimtetea mtumwa unazomewa sokoni. Mimi nilimwahi mzee wa mkongojo. Humu ni kijana, jasho linamtiririka. Kando yake yuko bibi yangu Faida, msichana, hana viatu.

Karani anaita, "Faida wa Nasoro!"

Ndivyo walivyoitwa. Muungwana huitwa binti fulani, kwa baba yake. Mtumwa akaitwa wa fulani, kwa bwana wake, hata akishaachwa huru. Na kwa hilo "wa" dogo hivyo, Nasoro alikuwa anadai nyumba ya udongo ambayo bibi yangu aliikandika kwa mikono yake mwenyewe. Eti mali ya mtu wake ni mali yake!

Wakili anapiga meza. "Bakuli ni la Nasoro. Punda ni wa Nasoro. Huyu ana aliyemzaa! Sema, mwanangu, baba yako nani?"

"Chikumbu," anasema Bibi, kwa sauti ndogo.

Korti nzima ikaangua kicheko. "Hilo jina, au mtu amekohoa?" akasema mmoja huko nyuma.

Wakili hakucheka. Akangoja mpaka wakanyamaza wote, akamgeukia karani. "Andika. Faida binti Chikumbu."

Karani akaandika. Nataka kupiga vigelegele, sauti haitoki. Kumbe kuna mmoja bado anacheka, kwenye benchi la mbele. Namtazama: ni Hamadi wangu, amevaa joho la posa.

Wakili akanigeukia. Sasa ni mzee, macho mekundu, ananiita kwa jina langu.

"Tatu! Nasoro nilimshinda. Mwanao atashindwa na nani?"

Akauegemea mkongojo wake.

"Waliolificha jina hili zamani walikuwa na bakora mgongoni. Nyinyi mna nini? Na huyo binti anayeolewa, mmemwambia?"

Nikafumbua macho, adhana ya alfajiri inaita. Kulipokucha Hamadi akachungulia mlangoni.

"Mama, unakumbuka tulivyosema?"

"Nakumbuka. Niitie Zuhura."

"Sasa hivi? Ana hina mikononi."

"Mikono siitaki. Nataka masikio."

Zuhura akaja, akakaa kitandani, mikono ameinyanyua isiguse shuka. Nikamsimulia yote, tangu lile "wa" mpaka lile "binti". Hamadi amesimama mlangoni, anasikia.

"Bibi, na wakiondoka?" akauliza Zuhura.

"Mume hujampata bado, mwanangu. Faida unaye tangu hujazaliwa. Leo nasaba utaitaja wewe. Wakiondoka, waondoke wamesikia."